Foklifti, kizimba na miembe mirefu ya ng'ambo ya Sabaki

Nimeendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo ghalani, kwa zaidi ya miaka 15, mwanzo katika maghala ya Mombasa na sasa katika shamba la miembe lililo ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa Magarini, si mbali sana na mji wa Malindi. Mwaka huu pekee wenye mashamba watatu wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa sauti ya mtu aliyevumbua jambo: kwa kuwa foklifti ipo ghalani na asubuhi nzima haina kazi, na kwa kuwa maembe mazuri yako juu ambako upembo, ile fito ndefu ya kuchumia, haufiki, kwa nini mchumaji asisimame juu ya paleti, yaani lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, akapandishwa mpaka yaliko? Wa mwisho alinishika bega akaniambia, "Hebu niambie, kaka, mashine inayobeba tani mbili na nusu itashindwaje na kijana wa kilo sabini?"

Haitashindwa. Itamwinua bila hata mngurumo wa injini kubadilika. Lakini kreti ya maembe ikishapangwa hukaa vile ilivyopangwa mpaka ishushwe, ilhali mtu huinama, hujinyoosha, husogea ukingoni kufuata embe lililojificha, hushika chochote kilicho karibu na mkono wake, na utomvu ukimrukia jichoni huachia kila kitu ili ajifute. Anayewajua wachumaji wa maembe anajua kwamba hilo la utomvu si mzaha: kikonyo kikivunjika karibu na tunda, ule utomvu hufyatuka, na ukiingia jichoni huchoma kama pilipili. Aliye chini atapiga kelele kidogo na kuomba maji. Aliye mita 4 juu ya ubao wa paleti usio na kizuizi hana nafasi hiyo.

Nasema haya kwa uchungu kidogo kwa sababu kosa lenyewe nimelifanya kwa mikono yangu. Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua za mwaka zimeshika, na gata ya paa la ghala letu ilikuwa imezibwa na majani ya miembe kiasi kwamba maji yalikuwa yakimwagika ndani juu ya kreti tupu. Ngazi ilikuwa imeazimwa na jirani. Nilikuwa nimekaa kwenye foklifti, lori lilikuwa njiani, na mbele yangu alikuwapo kijana mwepesi asiyeogopa kupanda. Nikamwambia, "Panda hapo, nikupandishe dakika mbili tu." Maneno hayo ya dakika mbili nimeyasikia tangu hapo katika kila kisa cha ajali nilichosimuliwa na madereva wenzangu.

Paleti ilikuwa ya mbao, ubao mmoja umepasuka, nayo haikufungwa popote. Ilikuwa imekaa tu juu ya yale meno mawili ya chuma kama sinia juu ya viganja. Nilipompandisha, kijana alifanya ambalo mtu yeyote angelifanya sakafu inaposogea chini ya miguu yake: alitafuta mahali pa kujishikilia. Mahali palipokuwa karibu palikuwa mlingoti wenyewe. Kwa wasioijua mashine hii, mlingoti wa foklifti si nguzo moja kama ule wa jahazi. Ni fremu mbili au tatu zilizoingiana, na inapopanda, vyuma vya fremu moja hupishana na vya nyingine kwa karibu sana, huku mnyororo ukizunguka juu ya kapi. Ni mkasi mkubwa unaofanya kazi polepole. Aliweka vidole pale kwa sekunde tatu hivi. Nilisikia sauti yake kabla sijaelewa kilichotokea, nikaachia leva, nikashusha kidogo mkono ukatoka, na hapo ndipo paleti ilipoteleza mbele kiasi cha shibiri moja, kwa kuwa naye alikuwa amerudi nyuma kwa maumivu na uzito wote ukaenda upande mmoja. Alichuchumaa. Kuchuchumaa huko ndiko kulikomwokoa, maana kutoka mita 3 mtu hufika chini kwa muda usiotimia sekunde moja, akienda kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa, na sakafu ya ghala letu ni zege.

Alipoteza ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto pamoja na ukucha wake. Glavu aliyokuwa ameivaa ilibaki ndani ya mlingoti, nami niliitoa kwa koleo siku tatu baadaye, kwa sababu kabla ya hapo sikuweza kuikaribia.

Ami yangu alikuwa mgema. Alipanda minazi tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkataa, akiwa na kibuyu kiunoni na kotama mgongoni, na minazi mingine ilikuwa mirefu kuliko ghala letu mara tatu. Watu wa huku kwetu tumezoea kumwona mtu juu, kwa hiyo anayesimama juu ya paleti hatushangazi. Lakini mgema hujishika mwenyewe. Miguu yake imo katika vidato alivyovichonga kwa mkono wake au alivyovirithi kwa aliyemtangulia, anajua kipi kimeoza, na akihisi kizunguzungu husimama akaukumbatia mti mpaka kipite. Mtu aliye juu ya meno ya foklifti hana hata kimoja katika hivyo: uhai wake umo katika mkono wa mtu mwingine, naye mtu huyo ameketi chini nyuma ya mlingoti unaomziba macho, ana leva tatu au nne zilizopangwa bega kwa bega, na ile ya kuinua iko kando ya ile ya kuinamisha. Dereva akikosea leva wakati wa kushusha kreti, maembe kadhaa yatachubuka; akikosea mtu akiwa juu, ataanguka mtu.

Baada ya ajali ile mwenye shamba alitaka kupiga marufuku moja kwa moja mtu yeyote kuinuliwa, nami mwanzoni niliona ni sawa. Tatizo ni kwamba taa za ghala ziko juu, vali ya tangi la maji iko juu, na gata itaziba tena Mei ijayo. Marufuku isiyo na njia nyingine mbele yake huvunjwa siku lori linapokuwa mlangoni. Ndipo tukaanza kuuliza habari za kizimba, yaani jukwaa lenye vizuizi pande zote ambalo hufungwa kwenye foklifti kwa ajili ya kumbeba mtu.

Katika nchi zilizoyafikiria haya kwa muda mrefu, jambo la kwanza linalotofautishwa ni aina mbili za majukwaa. Kuna lile lililounganishwa na mitambo ya mashine yenyewe, ambapo aliye juu ana vidhibiti vyake mkononi na vile vya dereva hufungika wakati yeye yuko juu. Hili hupatikana zaidi kwenye mashine zenye mkono mrefu unaochomoza, zile zinazotumika mashambani na kwenye ujenzi. Na kuna kizimba cha kuchomeka tu, ambacho aliyemo ndani hana lolote la kuamua isipokuwa kupaza sauti. Hiki cha pili ndicho ambacho shamba la kawaida linaweza kukipata, na mwongozo wa usalama wa Uingereza unakiruhusu kwa kazi za mara mojamoja ambazo hazikupangwa, pale ambapo haiwezekani kuleta mashine iliyotengenezwa kwa kazi ya kuinua watu. Taa imeungua ghafla: sawa. Kuchuma maembe kuanzia Novemba mpaka Februari, kila siku, mti kwa mti: hapana. Nililisoma hilo mara mbili nikitafuta mwanya, sikuupata.

Sasa kizimba chenyewe. Tulikiendea kwa fundi wa kuchomelea aliye mjini, mtu hodari ambaye mageti yake yamejaa Malindi nzima, naye akatwambia angekimaliza kwa siku mbili. Sikukubali, na sikukataa kwa sababu namdharau fundi wa jua kali. Nina viti vyake nyumbani kwangu. Ni kwamba kiungo kimoja cha kulehemu kikiachia kwenye geti, geti hulegea, na kikiachia hapa, mtu hufa, wala kwa macho huwezi kujua chuma kimeshikana mpaka ndani au kimepakwa juu tu. Kuna na jambo jingine ambalo wengi hulisahau: ukiongeza kitu kwenye foklifti, umebadilisha foklifti. Ule uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine si wake tena, na aliyeitengeneza ndiye anayepaswa kusema kwa maandishi kwamba mashine ile inaweza kubeba kizimba kile. Tulikinunua, kwa bei iliyomfanya mwenye shamba akae kimya chakula cha mchana chote, kikiwa na kibao chake kinachoeleza uzito wake, idadi ya watu na mzigo wa mwisho.

Kina reli ya juu inayofika kiunoni, reli ya kati, na ukingo chini usiopungua milimita 100 ili spana isiteleze ikamwangukia aliye chini. Mlango wake hufunguka kuelekea ndani na kujifunga wenyewe, kwa maana mlango unaofunguka nje siku moja utafunguliwa na mgongo wa mtu. Sakafu ina matundu madogo yenye makali ya kuzuia utelezi. Na upande wa nyuma, unaotazamana na mlingoti, kuna wavu wa chuma unaompita mtu kichwani, wenye matundu ambayo kidole hakipiti. Nilipouona wavu huo nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Meno ya foklifti huingia katika mifuko miwili iliyo chini ya kizimba, kisha pini hupita nyuma ya kisigino cha kila jino, yaani pale linapokunjika kupanda juu, na juu ya hapo mnyororo hukifunga kizimba kwenye fremu inayobeba meno. Pini mbili na mnyororo mmoja. Ajali yangu yote ilikuwa ni ukosefu wa vitu hivyo na wavu. Pini zina tabia moja mbaya: zinaweza kuonekana zimeingia ilhali zimesimama nusu, hasa vumbi na utomvu vikigandamana ndani ya tundu, kwa hiyo lazima mtu azipige kwa mkono na kuzivuta, asiridhike na kuzitazama.

Nirudi kwenye hesabu ya rafiki yangu wa tani mbili na nusu, maana ina sehemu ya kweli. Kizimba chetu kina kilo 180, watu wawili tuseme kilo 150, vifaa kilo 20: jumla kilo 350. Kanuni inayofuatwa Marekani husema kwamba kizimba, watu na vifaa kwa pamoja visizidi nusu ya uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine, nusu hiyo kwetu ni kilo 1,250, na kwa hiyo tuko chini yake kwa mbali. Lakini uwezo wa kibao hupimwa mzigo ukiwa umekaa umbali fulani kutoka kwenye kisigino cha meno, mara nyingi milimita 500, na mashine ikiwa imesimama juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Mtu akiegemea ukingo wa mbele wa kizimba ameusogeza mzigo. Na shamba halina sakafu.

Hapo ndipo mchanga wetu unapoingia. Foklifti ya ghalani ina magurudumu madogo magumu na uzito mkubwa nyuma wa kusawazisha mzigo, na uthabiti wake unasimama juu ya pembetatu: gurudumu la mbele kushoto, gurudumu la mbele kulia, na mahali katikati ya ekseli ya nyuma ambapo ekseli hiyo huchezea. Kadiri mzigo unavyopanda ndivyo pembetatu hiyo inavyokuwa haina huruma. Chukua upana wa mita 1 kati ya magurudumu ya mbele, kisha gurudumu moja lizame sentimita 5 tu katika udongo uliolainika na maji ya umwagiliaji. Mtu aliye mita 4 juu atakuwa amesogea upande sentimita 20 bila yeye kupiga hatua. Atajinyoosha upande wa pili kujisawazisha, au mbaya zaidi, atauegemea ule ule anaoelekea ili alishike tawi. Kwa hiyo kizimba chetu hakitoki nje ya zege la ghala na ule uwanja wa mbele, na mwenye shamba aliponiuliza, "Hata chini ya mwembe ule wa karibu?" nilimjibu, "Hata ule, mzee."

Kuendesha kwenyewe kuna mambo machache lakini hayana nafuu. Mlingoti husimamishwa wima na leva ya kuinamisha hufungwa isiguswe. Gia huachwa huru, breki ya mkono huvutwa, na dereva hakai tu kwenye kiti, hukaa mkono ukiwa karibu na leva na macho yakiwa juu muda wote ambao mtu yuko juu, hata kama ni nusu saa, hata kama simu inalia, hata kama mwenye lori anauliza risiti. Mashine haisogezwi mtu akiwa juu. Taa ya pili ikiwa mbali, hushushwa kwanza, mashine ikaenda, akapandishwa tena. Hili la kushusha na kupandisha ndilo linalowachosha vijana kuliko yote, wanaliona ni ujinga wa wazee. Sisi tumekubaliana pia ishara za mkono, kwa sababu mvua ikipiga mabati humsikii aliye juu yako hata akipiga mayowe. Na kila dereva anajua vali ya kushushia kwa dharura iko wapi, kwani injini ikizima mtu akiwa juu, si wakati wa kuanza kusoma kitabu cha mashine.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa foklifti, wallahi, usimngoje chini. Tumezungushia kamba eneo lote linaloweza kuangukiwa na kitu, na anayeivuka huondoka kazini siku hiyo.

Watu huniuliza kuhusu mkanda wa usalama. Ndani ya kizimba kizuri mkanda husaidia ikiwa kamba yake ni fupi, haimruhusu mtu kupanda juu ya reli au kutoka nje, na imefungwa mahali palipotengwa ndani ya kizimba chenyewe. Nimemwona mtu shambani kwa jirani amejifunga kwenye boriti ya paa huku amesimama juu ya foklifti, akidhani amejihakikishia mara mbili. Dereva angeshusha mita moja tu, mtu yule angebaki akining'inia. Wengine hujifunga kwenye tawi la mwembe, na mwembe una matawi yanayovunjika bila taarifa hasa yakiwa yamelemewa na matunda.

Upepo nao tuutaje, japo kwa ufupi. Wakati wa kusi hatumpandishi mtu akiwa na karatasi ya mabati mkononi. Ukishakuwa na mlingoti na ukatundika kitu kipana juu yake, umetengeneza jahazi, na hili halina usukani.

Kuhusu nyaya za umeme sitakuwa mfupi, kwa sababu mashamba mengi ya huku yamepitiwa na laini za kilovolti 11 au 33 ambazo watu wamezizoea mpaka hawazioni tena. Umeme wa kiwango hicho hauhitaji kuguswa. Unaweza kuruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma kilichokaribia, na kizimba, meno na mlingoti ni chuma kitupu kutoka juu mpaka ardhini. Mchumaji mwenye upembo wa chuma ndani ya kizimba cha chuma ameongeza urefu wa mashine kwa mita 2 au 3 bila dereva kuhesabu. Laini inayopita karibu na ghala letu tuliipimia umbali tukiwa chini, tukapaka rangi nyekundu kwenye zege, na mashine haipandishi kitu zaidi ya mstari huo, mtu awemo au asiwemo. Ikitokea mashine imegusa waya, aliye ndani abaki ndani bila kushika chuma kingine, walio nje wakae mbali na wapige simu umeme ukatwe. Kukimbilia kumwokoa mwenzako kwa kuishika mashine ni kuongeza maiti.

Basi tukabaki na maembe yaliyo juu, maana yote niliyoyaeleza yanahusu taa na gata. Jibu letu lilitoka kwa bwana shamba, wala halikuwa na uhusiano na foklifti. Miembe yetu ya zamani, mingi ikiwa Ngowe na Boribo iliyopandwa na baba wa mwenye shamba, ilikuwa imeachwa ikaenda juu mpaka mita 10 na zaidi. Alituonyesha jinsi ya kuishusha: kukata vilele mara baada ya mavuno, kufungua katikati ili mwanga uingie, na kuuweka mti katika mita 3 au 4, ambako mtu aliyesimama ardhini na upembo wenye kifuko cha wavu mwishoni hufika karibu kila tunda. Hakuna cha bure humo. Mwembe uliokatwa sana unaweza usizae msimu unaofuata, pengine hata miwili, kwa hiyo tunakata safu moja na kuruka moja, na tunapandikiza miche mifupi ya maembe ya Apple mahali pa miembe iliyozeeka. Mwenye shamba alipiga hesabu ya mavuno yatakayopotea akaguna. Nikamwomba apige na hesabu ya siku tisa ambazo kijana wetu hakuweza kufanya kazi, matibabu, fidia na barua. Akazipiga, na msumeno ukanunuliwa.

Nimetaja barua kwa sababu wenye mashamba madogo hudhani sheria ni ya viwanda tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inashika mahali popote pa kazi, shamba likiwemo. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri anapaswa kumwandikia afisa wa usalama wa eneo lake ndani ya siku 7; akifa, taarifa ifike ndani ya saa 24. Mashine za kuinulia lazima zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, si na dereva wake. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama. Na kuna kifungu kimoja ambacho nimekibandika ukutani kwa herufi kubwa, kinachosema kwa maana yake kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amjulishe msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale mpaka hatari iondolewe. Ningelikuwa nimekibandika kabla ya Mei ile, sijui kama kijana wa miaka 20 angekitumia mbele yangu. Mimi nilikuwa mkubwa wake, nilikuwa juu ya mashine, na nilikuwa na haraka; angesemaje? Tangu hapo nimeona ni wajibu wangu kumuuliza kabla yeye hajalazimika kusema.

Kizimba kinakaa pembeni mwa ghala, kimefungwa kufuli, na ufunguo uko nami. Mwezi uliopita kilitoka mara mbili tu, mara ya kwanza kwa ajili ya vali ya tangi na mara ya pili kwa taa ya mlangoni. Kazi ya kukagua pini kabla ya mtu kuingia nilimpa yule yule kijana, na aliikubali bila maneno mengi. Siku ya taa nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti na fundi wa umeme ameshaweka mguu mmoja ndani, kijana akainama nyuma ya meno, akaigonga pini ya kushoto kwa kile kidole kifupi, akaivuta, akanyanyua uso. "Hii haijaingia mwisho, ami," akasema. Nikamwambia fundi ashuke, nikazima injini, nikaenda kuleta brashi.